Bangi iliyokamatwa isilale kituoni

Gunia la bangi likishaingia kwenye ghala la vielelezo halibaki kama lilivyokuwa. Linaanza kupoteza maji siku hiyohiyo. Baada ya wiki kadhaa mizani inatoa namba nyingine, na likikaa mwaka linakuwa limeanza kupoteza hata kile kilichofanya likamatwe. Mimi ni mkemia. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupima vielelezo vya dawa za kulevya, kisha kupanda kizimbani kueleza nilichokipima na nilikipimaje. Kwa niliyoyaona kwenye maghala ya vielelezo hapa Kanda ya Kati, nina jambo moja la kuwaambia wapelelezi, waendesha mashtaka na mahakimu: hakuna sababu ya kutunza shehena nzima ya bangi mpaka hukumu isomwe. Ipimwe, sampuli zichukuliwe, picha zipigwe, hakimu aone na mshtakiwa aone, kisha iteketezwe mapema na kwa njia salama.

Dodoma ni njia panda. Mabasi na malori ya kutoka Morogoro kwenda Singida na Kanda ya Ziwa yanapita hapa, na ya kutoka Iringa kwenda Kondoa, Babati na Arusha yanapita hapahapa. Mzigo unaonaswa kwenye buti la basi haukulimwa lazima Dodoma, lakini ukishakamatwa Dodoma utalala Dodoma. Vituo vyetu vingi vilijengwa wakati kielelezo cha kawaida kilikuwa baiskeli, panga au mbuzi. Leo chumba kilekile kinapokea viroba vya salfeti vilivyojaa majani mpaka darini, mlango una kufuli moja, na askari anayekitunza ana majukumu mengine matatu.

Nianze na uzito, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi zinapoumia. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inautazama uzito kwa makini sana. Kilo ndizo zinazoamua kama mtu anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 au kifungo cha maisha, na ndizo zinazoamua kesi itasikilizwa mahakama gani. Sasa, bangi iliyong'olewa shambani ikiwa mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Ikikauka sawasawa hubakiza takriban robo ya uzito wake, wakati mwingine moja ya tano tu. Mama yeyote wa Kigogo aliyewahi kuanika mlenda anaijua hesabu hii: beseni zima la majani mabichi linaishia kwenye kibuyu kimoja. Na hewa ya Dodoma kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja ni kavu na ya upepo, kwa hiyo ukaushaji haungoji.

Chukua mfano wa shehena iliyoandikwa kilo 120 siku ya ukamataji ikiwa mbichi. Kesi inakuja kusikilizwa kiangazi kimepita, viroba vinaletwa mahakamani, wakili wa utetezi anaomba vipimwe upya, mizani inasoma kilo 30. Anauliza kilo 90 ziko wapi. Askari aliyekamata anasema ukweli, kwamba hakuna aliyegusa. Hakimu naye anasema ukweli, kwamba hati iliyo mbele yake haioneshi popote kuwa mzigo ulikuwa mbichi. Hapo mkemia anaweza kueleza habari za maji mpaka koo likauke, lakini shaka imeshaingia, na shaka ni ya mshtakiwa. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Lawama yangu iko kwenye karatasi iliyoandikwa siku ya kwanza.

Karatasi hiyo iandikwe vipi? Mzigo upimwe mbele ya mtuhumiwa na shahidi huru, kwenye mizani yenye stika hai ya Wakala wa Vipimo. Uandikwe uzito pamoja na kifungashio, kisha uzito bila kifungashio. Hali ya majani iandikwe kwa maneno: mbichi, nusu kavu, kavu, yenye mashina au majani matupu, yenye mbegu au isiyo nazo. Mstari huo mmoja kuhusu ubichi umekosekana kwenye hati nyingi nilizozishika, na hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuurudisha baadaye.

Sampuli ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni inayopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni hii: vifurushi vikiwa chini ya 10, chukua kutoka kila kimoja, vikiwa 10 mpaka 100, chagua 10 bila kupendelea, vikizidi 100, chukua idadi iliyo kipeuo cha pili cha jumla. Kwa hiyo shehena ya vifurushi 400 inahitaji sampuli kutoka vifurushi 20. Ningependa kila sampuli igawanywe mara mbili, moja ya maabara na moja ya akiba iliyofungwa kwa lakiri, ili utetezi ukitaka kipimo cha pili kiwepo. Majani mabichi yasifungwe kwenye nailoni. Yawekwe kwenye bahasha ya kaki, yahifadhiwe pakavu, penye giza na ubaridi.

Kuitambua bangi kunahitaji majani machache tu. Chini ya hadubini tunatafuta vinyweleo vyake, vilivyopinda kama kucha na vyenye chembe ya chokaa kwenye shina lake. Tunatia kemikali ya majaribio ya rangi na kuangalia urujuani ukijitokeza. Kisha mashine ya kutenganisha na kupima molekuli inathibitisha kuna THC, kemikali ya bangi inayolevya. Gramu chache zinatosha kwa yote hayo. Kilo 500 hazinifanyi niwe na uhakika zaidi ya gramu hizo.

Kuihifadhi shehena nako hakumsaidii mtu. THC haitulii, hewa, mwanga na joto huigeuza polepole kuwa kemikali nyingine, CBN. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi nchini Marekani walifuatilia bangi iliyohifadhiwa kwenye joto la kawaida la chumba na kukuta imepoteza karibu asilimia 17 ya THC baada ya mwaka mmoja, asilimia 27 baada ya miwili, 35 baada ya mitatu na 41 baada ya minne. Fikiria chumba chenye paa la bati, jua la Oktoba la Dodoma.

Halafu kuna ukungu. Majani mabichi yaliyoshindiliwa kwenye kiroba hupata joto yenyewe, unyevu unakosa pa kutokea, na kuvu wanaota. Kati yao ni jamii ya Aspergillus, ambayo wakazi wa Kanda ya Kati hawana haja ya kutambulishwa. Ndiyo inayozalisha sumukuvu, ile iliyoua watu mwaka 2016 kwa mahindi yaliyoharibika katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Vumbi la kuvu hao likivutwa kila siku linadhuru mapafu, hasa ya mwenye pumu. Askari anayeshinda kwenye chumba kile bila dirisha na bila barakoa anaumia kazini, na sijamsikia mtu akimsemea. Namsemea mimi.

Na kuna panya, au wanaosingiziwa kuwa panya. Mwaka 2022 polisi wa Mathura nchini India waliiambia mahakama kwamba zaidi ya kilo 500 za bangi zilizokuwa ghalani zimeliwa na panya. Mwaka 2018 huko Pilar, Argentina, maofisa wa polisi walitoa maelezo hayohayo kuhusu kilo 540 zilizokosekana. Wataalamu wakasema panya wasingeyadhania majani yale kuwa chakula, na kama wangekula kiasi kile mizoga yao ingeonekana. Maofisa wanane walifukuzwa kazi. Ninayataja haya kwa uzito wote. Mzigo wenye thamani mtaani ukikaa muda mrefu kwenye chumba chenye kufuli moja, unamweka askari mwaminifu kwenye majaribu asiyostahili, na ukipungua kwa sababu yoyote ile, hata ya kukauka tu, hana namna ya kujitetea.

Sheria yetu haijafunga njia. Inaruhusu dawa zilizokamatwa ziteketezwe kabla ya kesi kwisha, mradi orodha iandaliwe, picha zipigwe na sampuli zichukuliwe mbele ya hakimu anayethibitisha kwa saini yake. Kanuni za Jeshi la Polisi zina utaratibu wa vielelezo vinavyoharibika, kwenye agizo namba 229 (PGO 229) aya ya 25: kielelezo na mshtakiwa wapelekwe pamoja mbele ya hakimu, naye atoe amri. Mahakama ya Rufani, katika mashauri ya nyamapori, imeshasisitiza kwamba mshtakiwa ana haki ya kuwepo na kusikilizwa kabla amri haijatolewa. Mahakama hiyohiyo, kwenye rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007 iliyosikilizwa hapa Dodoma, ndiyo iliyoweka wazi maana ya mnyororo wa utunzaji wa kielelezo: kumbukumbu za maandishi zinazoonesha kwa mfuatano nani alikamata, nani alitunza, nani alipokea, nani alichunguza na mwishowe kilipelekwa wapi. Angalieni, uteketezaji ni sehemu ya mnyororo huo. Ukiandikwa vizuri unaufunga. Ukifanywa kimyakimya, mshtakiwa akiwa mahabusu na hajui, unaukata.

Kwa hiyo ninaposema mapema, sisemi haraka-haraka. Ndani ya wiki chache tangu ukamataji kazi yote hii inawezekana: maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Kati hapa mjini, hakimu yupo, mshtakiwa yupo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mmoja wa kuwaita wote siku moja.

Sasa moto wenyewe. Kuchimba shimo, kurundika viroba, kumwaga dizeli na kurushia tairi la zamani ni njia ninayoipinga kabisa. Rundo bichi haliwaki, linafuka. Katika joto la chini la moshi ule, THC huvukiza kabla jani lenyewe halijashika moto, na inapanda na moshi. Mwaka 2015 polisi wa Palmerah, Jakarta, nchini Indonesia walichoma zaidi ya tani tatu hadharani, na wakazi wa jirani wakalalamika kizunguzungu. Ongeza hapo plastiki za viroba, selotepu na tairi, ambavyo moshi wake una sumu mbaya kuliko ya bangi. Nasi Dodoma tuna upepo unaovuma nusu ya mwaka. Moshi wa shimo lililo nje ya mji unaweza kuishia kwenye madarasa ya shule.

Tanuri la kiwanda cha saruji ndilo bora, maana ndani yake malighafi hufikia nyuzi joto 1,450 na hakuna kinachosalia. Dar es Salaam wametumia tanuri la Wazo Hill kuteketeza dawa za kulevya. Kusafirisha majani kutoka hapa hadi huko kunahitaji ulinzi njia nzima, kwa hiyo kwa mizigo ya kawaida ningechagua tanuri la taka za hospitali lenye vyumba viwili, ambapo moshi wa chumba cha kwanza unachomwa tena kwenye cha pili kwa nyuzi 850 na zaidi. Tanuri hizo hula makumi ya kilo kwa saa, si tani, na hapo ndipo hoja ya kuteketeza mapema inapojionesha: kilo 40 za mwezi huu zinachomeka asubuhi moja, shehena ya miaka mitano haichomeki. Viroba vifunguliwe kwanza, majani yaingizwe kidogo kidogo, mzigo upimwe tena mlangoni pa tanuri na namba ilinganishwe na ile aliyoisaini hakimu. Anayetia majani avae barakoa ya chujio. Karatasi ya kawaida ya uso haitoshi.

Huwa naulizwa kwa nini majani haya yasipewe hospitali, au yasiuzwe kwa nchi zilizoruhusu bangi ya tiba, kwa kuwa Lesotho, Zimbabwe, Malawi na Rwanda zimefungua milango ya kilimo chenye leseni. Ni swali la haki na jibu langu ni la kikemia kabla halijawa la kisheria. Dawa inahitaji kujulikana ilikolimwa, ilipuliziwa nini, ilikaushwaje, ina kiasi gani cha THC katika kila gramu. Mzigo ulionaswa chini ya viti vya basi hauna hata jibu moja kati ya hayo, na huenda una viuatilifu na kuvu. Hakuna mfamasia mwaminifu atakayempa mgonjwa wa saratani kitu hicho. Kuhusu mboji, inawezekana, mbegu zikipata joto la kutosha zinakufa, lakini rundo linahitaji miezi na mlinzi usiku na mchana. Tumerudi kwenye tatizo la ghala.

Ombi langu kwa mamlaka za mkoa ni dogo. Iwepo siku moja kila mwezi, inayojulikana, ambapo hakimu, mpelelezi, mkemia, mwendesha mashtaka na mshtakiwa na wakili wake wanakutana kwa ajili ya mizigo yote iliyokamatwa mwezi uliopita katika wilaya zote za mkoa. Tanuri moja likubaliwe na hospitali kwa maandishi, mafuta yake yalipiwe kwenye bajeti ya upelelezi, na mizani moja ihakikiwe kwa kazi hiyo. Mizigo ya zamani iliyojaa maghalani ianze kuondolewa kwa utaratibu huohuo, kuanzia ile ambayo kesi zake zimekwisha na rufaa hazipo, kwa sababu hiyo haisubiri amri mpya ya mtu yeyote zaidi ya ile ambayo mahakama ilikwishaitoa siku ya hukumu.