Moyo kusimama si chanzo cha kifo

Jumatatu nimepokea mafaili manne ya vifo vya wikiendi, niyawekee kodi za chanzo cha kifo. Matatu yameandikwa kitu kilekile kwenye mstari wa (a) wa fomu ya kifo: CRA, yaani moyo na upumuaji kusimama. Chini yake patupu. Nikampigia daktari tarajali aliyesaini mojawapo, akaniuliza kwa upole, "Sasa dada, kwani moyo wake haukusimama?"

Ulisimama. Moyo wa kila marehemu umesimama, ndiyo maana neno hilo halinisaidii. ICD-10, orodha ya kimataifa ya kodi za magonjwa, inayo kodi yake, I46.9, lakini kifo kikishaingia humo, aliyegongwa na bodaboda na mzazi aliyetokwa damu wanakuwa kitu kimoja. Nimechoka kulisema hili.

Fungua faili lenyewe. Mama wa makamo, kidonda cha mguu. Muuguzi wa zamu ameandika siku ya tano: kidole cheusi, harufu, sukari 24. Siku ya saba: homa, presha 80/40. Habari yote ipo, aliyejaza fomu hakuirudia. Ilitakiwa isomeke (a) sepsisi, yaani maambukizi yaliyosambaa mwilini, (b) gangrini ya mguu, yaani kuoza kwa nyama, (c) kisukari aina ya 2, na muda wa kila kimoja pembeni. Mstari wa chini kabisa ndio ulioanzisha mambo, na ndio unaohesabiwa: E11.5, kodi ya kisukari aina ya 2 kilichoharibu mzunguko wa damu. Ugonjwa uliochangia tu bila kuwemo kwenye mfuatano huo unakwenda sehemu ya pili.

Halafu kuna "DM" tupu, yaani kisukari bila kutaja aina. Daktari, ukiniandikia hivyo naishia E14, kisukari kisichobainishwa, hata kama naona kwenye kadi ya kliniki mgonjwa alikuwa anameza metformini, dawa ya kisukari aina ya 2, miaka yote. Siruhusiwi kubuni utambuzi kwa kuangalia dawa. Ninachoweza ni kukurudishia faili na swali, na wengi wenu mnaona huo ni usumbufu wa masjala. Si usumbufu. Bila jibu lako yule mama anahesabiwa mahali pasipo pake.

Pagumu papo, nakubali. Mgonjwa ana kisukari, presha, na figo zimefeli: kipi kilitangulia? Nimewahi kukaa na mabingwa wawili juu ya faili moja, kila mmoja akaweka mstari wake wa chini, na wote walikuwa na hoja. Kodi niliyoweka siku ile naitilia shaka hadi leo, ingawa kwenye taarifa inaonekana na uhakika sawa na nyingine. Na aliyeletwa ameshakata roho, hana kadi wala ndugu, niandikie tu kwamba chanzo hakijulikani. Huo ni ukweli, naupokea.

Haraka yenu naijua. Ndugu wako nje ya mochwari, gari la Lindi limeshawashwa, wanasubiri kibali. Lakini mistari mitatu haimalizi dakika tano.

Yule daktari alikuja mchana, akasimama dirishani kwangu, akasoma maelezo ya muuguzi tangu siku ya kwanza, akajaza fomu upya. Kwenye (c) akasita, akauliza kama "aina ya 2" aiandike kwa tarakimu ya kawaida au ya Kirumi. Nikamwambia yoyote, mradi iwepo.