Lugha ya kitaaluma: mtoto anaongea Kiingereza vizuri, mbona anafeli?

Familia nyingi za Wakongo waliohamia Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, zinalijua jambo hili. Mtoto anaanza shule hajui hata kuomba maji kwa Kiingereza. Mwaka wa pili anataniana na wenzake, anapokea simu, anawatafsiria wazazi hospitalini. Kisha inakuja ripoti: sayansi amefeli, historia amefeli. Mzazi anaona uvivu. Mwalimu naye, akimsikia anavyoongea, anaona uvivu uleule. Wote wawili wanamwonea.

Kinachompungukia ni lugha ya kitaaluma, yaani lugha ya vitabu, mitihani na maelezo ya darasani. Si suala la maneno magumu peke yake. Katika maongezi, macho na mikono husaidia kubeba maana. Ukisema "kiweke pale", mwenzako anakiona kitu na anapaona mahali. Kwenye karatasi ya mtihani hakuna wa kukunyooshea kidole. "Bei ilipungua kwa dola 20" na "bei ilipungua hadi dola 20" zimetofautiana kwa kineno kimoja tu, lakini jibu la hesabu linageuka kabisa. Mtoto anaweza kuwa hodari wa kutoa na kujumlisha, akakosa swali kwa sababu ya kineno hicho.

Aliyetenganisha aina hizi mbili za lugha kwa uwazi, mwaka 1979, ni Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Kanada. Kwa wastani, mtoto wa wahamiaji huzoea lugha ya maongezi kwa takribani miaka 2. Kuwafikia wenzake katika lugha ya darasani humchukua miaka 5 hadi 7, kwa kuwa wenzake hao hawakai kumngoja. Kila mwaka nao wanasonga mbele. Waliosoma Tanzania wana mfano wa karibu: mwanafunzi aliyeongoza darasa la saba kwa Kiswahili anafika kidato cha kwanza, biolojia inafundishwa kwa Kiingereza, ananyamaza.

Sasa fikiria kijana anayewasili akiwa na miaka 16. Marekani shule nyingi humpanga darasa kwa umri wake, si kwa alipoishia kusoma. Miaka 5 hana. Ikiwa shule yake ilikatizwa na vita, mzigo ni mara mbili: ajifunze Kiingereza, na huku azibe mapengo ya masomo yenyewe. Hapo ndipo wengi huacha shule wakaenda kiwandani. Kabla ya kufika huko, familia iulize umri wa mwisho wa kusoma sekondari katika jimbo lao. Majimbo mengi yanaruhusu hadi miaka 20 au 21, na miaka hiyo ya ziada inaweza kumvusha.

Kuna ushauri mmoja unaoniuma kila ninapousikia: "Acheni Kiswahili nyumbani, mtoto ajue Kiingereza." Ni ushauri mbaya. Cummins huyohuyo alieleza kwamba maarifa yaliyopatikana kwa lugha moja huhamia katika nyingine. Shule za Wakongo kule Nyarugusu hufuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Aliyeelewa sehemu na desimali kule haanzi upya, anatafuta majina mapya ya kitu anachokijua. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusaidia sana kwa kumwambia mtoto kila jioni: hebu nieleze kwa Kiswahili mlichosoma leo.

Kumsaidia mwanafunzi wa namna hii si hisani. Mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wenye asili ya Kichina wa San Francisco, inayoitwa Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba kuwapa wanafunzi wasioelewa Kiingereza vitabu na walimu walewale hakuwafanyi kuwa sawa na wengine.

Kila mwaka shule za Marekani huwapima wanafunzi wanaojifunza Kiingereza katika kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Alama ya kuzungumza ndiyo hutangulia kupanda, nayo ndiyo inayowapumbaza watu. Mzazi aulizie hasa kusoma na kuandika, na aombe mkalimani wa shule. Mtoto asiachiwe kutafsiri habari zake mwenyewe.