Hesabu inayofanywa kabla ya kukubali saa za ziada

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kwa mtu mwenye madaraka: "Wapunguzieni misaada, watatafuta kazi." Mimi ni mshauri wa ajira kwa wazazi wanaopokea misaada ya serikali hapa Marekani, na kauli hiyo imenichosha. Wengi wanaokuja kwangu wana kazi, au walikuwa nayo mwezi uliopita. Kazi ya kwanza hupatikana; kinachowashinda ni kuishikilia.

Masharti ya TANF, yaani msaada wa fedha taslimu kwa familia maskini zenye watoto, nitayapitia haraka. Tangu sheria ya 1996, fedha za shirikisho zina ukomo wa miezi 60. Saa za kazi zinazotakiwa kwa kawaida ni 30 kwa wiki, au 20 kwa mzazi asiye na mwenza mwenye mtoto wa chini ya miaka 6. Mafunzo ya ufundi huhesabiwa miezi 12 tu, hivyo anayesomea cheti cha miaka miwili hujikuta mwaka wa pili masomo peke yake hayatimizi sharti. Na tafadhali, majalada ya wanaopokea msaada yakipungua msishangilie kabla ya kuuliza yamefungwaje. Mwingine kapata kazi, mwingine kakosa miadi, mwingine hakurudisha fomu. Kwenye takwimu wote "wametoka".

Sasa kinachoniudhi. Watu husema kila dola ya mshahara ni faida. Chukua mama mwenye watoto wawili katika nyumba ya ruzuku. Akipata dola moja zaidi, senti 7.65 zinakatwa kwa ajili ya Social Security na Medicare, yaani pensheni na bima ya afya ya wazee. Msaada wa chakula, yaani SNAP, unapungua senti 24, au hadi 36 kwa ambaye gharama kubwa za makazi huondolewa kwenye kipato chake kinachohesabiwa. Kodi ya nyumba inapanda kama senti 30, maana hupangwa kwa asilimia 30 ya kipato. Mkononi zinabaki chini ya senti 40, na hapo hajalipa nauli wala mlezi wa mtoto. Kila ofisi ukiisikiliza peke yake ina hoja ya haki kabisa. Ila hakuna inayokaa chini kujumlisha makato ya zote.

"Lakini kuna EITC!" Ni nafuu ya kodi ya shirikisho kwa wafanyakazi wa kipato cha chini. Ipo, na naipenda: kwa mwenye watoto wawili inarudisha senti 40 kwa kila dola ya mapato ya mwanzo. Kipato kikivuka kiwango fulani inaanza kupungua, senti 21 kwa dola. Zaidi ya hayo hulipwa mara moja kwa mwaka, baada ya kuwasilisha taarifa za kodi, na mwenye nyumba anadai kila mwezi.

Halafu kuna ratiba. Msaada hupimwa kwa kipato cha mwezi, zamu hupangwa kwa wiki. Saa zinaongezwa Desemba, mama anaripoti kama inavyotakiwa, msaada unashuka Januari wakati saa nazo zimeshapunguzwa. Mwezi huo analipia uaminifu wake.

Wenzangu wengi hueleza kila uamuzi wa familia kwa hesabu hii, nami nina shaka nao. Wachache ninaokutana nao wanajua mstari wa kukatwa uko wapi. Wanachojua ni kwamba jirani aliongezewa saa akapoteza kitu, na hofu hiyo haiondoki kwa kuonyeshwa jedwali. Nimeona inapungua mtu akikaa na afisa anayemwambia waziwazi: ukifika hapa utapoteza hiki, bima ya afya ya Medicaid inaweza kuendelea hadi miezi 12, rudi kwangu ukipunguziwa saa. Maofisa wenye muda wa mazungumzo hayo ni wachache.

Waajiri nao wanaweza kusaidia bila kutoa hata senti ya ruzuku: toeni ratiba wiki mbili kabla. Jimbo la Oregon limeshaifanya sheria kwa kampuni za rejareja, hoteli na migahawa zenye wafanyakazi 500 au zaidi. Mzazi anayejua zamu zake mapema anaweza kumtafuta mlezi wa mtoto kwa wakati, na asikose kazini.