Kalavati halikatiwi utepe

Siku niliyokula kiapo kwenye Siku ya Wahandisi, mama alipanda basi la alfajiri, akaja na khanga mpya na kukaa nyuma kabisa ya ukumbi. Jioni tukiwa tunakula akaniuliza, "Sasa mwanangu, wewe umejenga daraja gani?" Nikamwambia sijajenga daraja. Nashughulika na barabara za wilaya: kuchonga, kuchimba mitaro, kuzibua makalavati, yale mabomba yanayopitisha maji chini ya barabara. Akanyamaza kidogo. "Haya, si haba," akasema.

Sikumlaumu. Hata sisi wenyewe tukikutana, hadithi ni za madaraja. Tarehe 19 Juni 2025 lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, kundi letu la WhatsApp la wenzangu wa chuo halikulala. Kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, kwa zaidi ya shilingi bilioni 700, mahali ambapo watu walizoea kukaa foleni ya kivuko na wagonjwa wao ndani ya gari. Nilishangilia, na ningeshangilia tena. Lakini daraja hilo nalo lina viungio vya kukaguliwa na mifereji ya kusafishwa, na sijawahi kuona kiongozi akipigiwa ngoma kwa kusafisha mfereji.

Njoo nikuonyeshe kalavati moja. Lipo kwenye barabara ya vumbi mkoani Pwani, bomba la zege lenye kipenyo cha sentimita 90. Likiwa safi, na maji yakienda mita 2 kwa sekunde, linapitisha zaidi ya lita 1,200 kila sekunde. Nilipolikagua Februari niliingiza fimbo ya mti, ikagota kwenye mchanga katikati ya bomba. Juu ya mchanga kulikuwa na gunia la mkaa, chupa za maji na ndala moja ya mtoto. Nusu ya njia imekufa. Vijana wanne na makoleo wangelimaliza kwa siku mbili.

Fedha haikuwepo. Masika ikaja. Maji yakakosa njia, yakasimama upande wa juu kama bwawa, yakaanza kulowesha tuta la udongo lililobeba barabara. Hapa ndipo watu wengi hawatuelewi: barabara haifi siku inapokatika. Udongo ulioshindiliwa vizuri una nguvu ukiwa mkavu, ukishiba maji unakuwa uji uliofunikwa na ganda. Lori la mchanga likipita juu yake, ganda linabonyea. Semina zetu zinapenda methali ya ufa na ukuta, nami huwa nanung'unika kimoyomoyo, kwa sababu ufa ni dalili tu. Mgonjwa wetu alianza kuumwa mtaroni.

Na malori hayo yana hesabu yake. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara kwa barabara hayapandi sambamba na uzito, yanapanda takriban kwa kipeo cha nne, yaani ongezeko la uzito unalizidisha lenyewe kwa lenyewe, 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2 kwa mfano. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, yenye matairi manne. Ukipakia 12 hujaongeza madhara kwa asilimia 20, umeyafanya kuwa mara mbili. Barabara kuu zina mizani. Yangu haina, na wachimba mchanga wanalijua hilo kuliko mimi.

Tuta lilikatika Aprili, usiku. Tulirudishia kwa kifusi, mawe, bomba jipya na greda iliyokodiwa, kwa gharama ambayo ingezibua makalavati ya kata nzima na chenji ikabaki. Wakubwa wetu waliliona hili kwa ukubwa wake Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoandamana na mvua na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika Somanga. Mikoa ya kusini ikabaki upande wa pili.

Sasa fedha. Mfuko wa Barabara unalishwa hasa na tozo ya mafuta, na mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000, nyingi zikiwa za udongo. Ilisaidia, tusiwe wachoyo wa shukrani. Ila tozo hii ni shilingi kwa lita, si asilimia ya bei. Saruji ikipanda, yenyewe imekaa palepale. Halafu kuna kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na Julai hadi Septemba ndiyo miezi yetu ya kazi, ardhi imekauka. Fedha ikifika Oktoba, mkandarasi anashusha greda pamoja na vuli. Mimi nikipewa nafasi ya kuomba jambo moja, sitaomba nyongeza kwanza, nitaomba Julai.

Kuomba kwenyewe nilikuwa sikujui. Mara ya kwanza mbele ya Baraza la Madiwani nilisoma jedwali: matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalum, sehemu korofi. Ukumbi ulisinzia. Diwani mmoja mzee, mkulima wa korosho, akainua mkono: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mhandisi atuambie, hii hela inazaa nini?" Nikababaika na neno "uendelevu". Walicheka, na fungu langu likapunguzwa.

Mwaka uliofuata niliacha jedwali kwenye gari. Nilibeba ile ndala, nikaiweka mezani, nikawasimulia kalavati moja tangu Februari mpaka Aprili, na bei mbili: ya makoleo na ya greda. Sikutumia dakika kumi.

Yule mzee akasimama tena. Akataka kujua kata yake ina makalavati mangapi. Ishirini na tatu, nikamjibu.

"Na wewe mhandisi, umeyachungulia ndani mangapi?"

Tisa. Fungu lilipita, na Jumatatu iliyofuata nilianza na la kumi, yeye akiwa amenishikia tochi.