Nyota za Uwani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Kutazama nyota ni kazi ya waganga." Anayeanza kupenda anga Unguja au Pemba hulisikia neno hili mapema, na mara nyingi kutoka kwa mtu anayemtakia heri. Si ajabu, kwani kwetu mtu akisema anakwenda kutazamiwa nyota yake, anakwenda kupigiwa ramli. Lakini bao la ramli halihitaji hata mbingu iwe wazi. Hesabu za jua, mwezi na nyota ni elimu nyingine kabisa, na ndizo zinazotupa nyakati za sala, upande wa kibla na mategemeo ya mwezi mwandamo. Qur'ani yenyewe, katika Surat Al-An'am aya ya 97, inazitaja nyota kuwa zimewekwa ili watu waongoke kwazo katika kiza cha bara na bahari. Manahodha waliokuja na kaskazi na kuondoka na kusi waliishi kwa elimu hiyo. Mkulima naye alikuwa na yake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kikundi hicho cha nyota hupotea upande wa magharibi jioni za mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa yamepamba moto, kisha huonekana tena alfajiri mnamo Juni. Mwenye kuamka mapema anaweza kuhakikisha mwenyewe.

Wengine husema bila darubini huoni kitu, wakaahirisha mpaka watakapopata pesa. Macho matupu yanatosha kwa muda mrefu tu. Ukitaka kuongeza, anza na darubini ndogo ya macho mawili, ile iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Egemeza viwiko juu ya ukuta wa uwa ili mikono isitikisike, kisha ielekeze kwa Mshtarii, sayari ambayo wengine huiita Jupita. Utaona kiduara kidogo cheupe, na pembeni yake vidoti viwili, vitatu au vinne vilivyojipanga karibu mstari mmoja. Hiyo ni miezi yake mikubwa, ileile aliyoiona mwanafalaki wa Italia, Galileo Galilei, mnamo Januari 1610. Rudi usiku wa pili: mpangilio umebadilika, kwa sababu Io, ulio karibu zaidi na Mshtarii kati ya hiyo minne, huizunguka sayari hiyo kwa saa 42 na kitu. Sijui jambo linalomshika mtoto wa skuli kuliko hilo, kuona kwa jicho lake kwamba huko juu vitu vinakwenda.

Na boksi linalojisifu kuwa darubini inakuza mara 500 lisikushughulishe. Cha kuuliza ni upana wa kioo cha mbele. Kwa makadirio, kila milimita moja ya upana hubeba ukuzaji wa mara mbili, hivyo kioo cha milimita 70 kikikuzwa kupita mara 140 kinaonesha ukungu tu. Kwa hali yetu ya chumvi na unyevu, adui mkubwa ni kuvu kwenye vioo. Ihifadhi ndani ya chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na usifute kioo kwa ncha ya kanga.

Mwezi mpevu nao hudhaniwa kuwa ndio usiku wa kutazama mbingu. Wavuvi wa dagaa wanajua kinyume chake: mbalamwezi huzidi nguvu taa zao, na nyota nazo huzimwa vivyo hivyo. Usiku wa kiza, dagaa wanapovuliwa, ndio usiku wa nyota. Hata mwezi wenyewe hupendeza zaidi ukiwa nusu, pale kwenye mpaka wa mwanga na kiza ambapo milima na mashimo yake hutupa vivuli virefu.

Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni kwamba mbingu nzuri iko kwa wenzetu walioendelea. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo mwaka ukizunguka karibu mbingu yote hupita juu yetu. Jioni za Mei unaona kundi la nyota la Msalaba wa Kusini upande mmoja na lile la Dubu Mkubwa upande wa pili, jambo ambalo mtu wa London hatalipata kwao daima. Tunachokosa ni Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu haichomozi. Julai na Agosti, wakati wa kusi, kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza mbingu, hupita karibu na utosi; nenda Makunduchi au, kwa Pemba, Kigomasha, mbali na taa. Waliokuwepo Unguja umeme ulipokatika kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 walipata nafasi ya kuiona mbingu yenye kiza hata Mjini.

Kwamba safari za anga hazituhusu, pia si kweli. Tunguu, hapa Unguja, palikuwa na kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya Mercury, vya kwanza vya nchi hiyo kubeba watu angani. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kiliwasiliana naye kwa redio. Na kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa Desemba 12, 1970 satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru.

Limebaki la kupatwa kwa jua, ambalo kosa lake hupofusha. Kulitazama jua ndani ya beseni la maji si salama, wala kwa miwani ya jua au filamu ya eksirei. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa kamili Luxor na Makka, na kwetu kwa sehemu, mchana. Tumia miwani maalumu ya kupatwa kwa jua, au simama chini ya mwembe ulipe jua mgongo: kila upenyo kati ya majani utachora ardhini jua dogo lililomegwa, na watoto wote watalitazama pamoja bila hatari.