Kadi ya EPA si leseni: fundi AC wa Texas na maneno ya mtaani

"Ukipata kadi ya EPA, tayari una leseni." Kauli hii imewaponza wengi wanaofika Houston au Dallas na ufundi wao mkononi. Kadi hiyo hutokana na kanuni za EPA, shirika la mazingira la serikali kuu ya Marekani, na inahusu gesi ya kupozea tu. Tangu Novemba 1994 huruhusiwi kufungua mfumo wenye gesi bila kuwa nayo. Aina ya kwanza ya kadi ni ya vifaa vidogo, kwa mfano friji ya nyumbani yenye gesi isiyozidi pauni 5, kilo 2 na ushei. AC ya nyumba nzima inataka aina ya pili, au kadi ya jumla. Kadi haina mwisho wa muda. Lakini kumtoza mteja kwa jina lako ni habari nyingine, na Texas ruhusa hiyo hutolewa na idara ya leseni ya jimbo, TDLR.

TDLR inamtenganisha fundi na mkandarasi. Fundi anajisajili, kisha anafanya kazi chini ya mkandarasi. Mkandarasi ndiye mwenye leseni: njia ya kawaida ni miezi 48 ya kushika spana chini ya mwenye leseni, ndani ya miezi 72 iliyopita, halafu mtihani na bima. Kila mwaka anahuisha, baada ya saa 8 za masomo. Kwa hiyo fundi aliyesajiliwa tu, anayebeba geji na mtungi Jumamosi kwenda kumjazia jirani gesi kwa malipo, anavunja sheria hata kama AC itapuliza barafu.

"Leseni ya mkandarasi ya daraja B ni ya wanafunzi." Hapana, madaraja A na B ni ukubwa wa mitambo. B, kwa upande wa ubaridi, mwisho tani 25. Tani hapa si uzito, ni kuondoa joto la BTU (kipimo cha joto) 12,000 kwa saa, kipimo kilichobaki tangu enzi za kuuza barafu. Nyumba ya kawaida haifiki hata tani 6, kwa hiyo B inatosha kulisha familia.

"AC ya dirishani nayo?" Ya kuchomeka ukutani, tani 3 kushuka chini, haihitaji leseni ya jimbo. Ila ukikata bomba lake unarudi kwenye kadi ya EPA. Kumwaga gesi hewani kumekatazwa tangu 1992.

Wala msidhani majimbo yote ni Texas. New York na Illinois hazina leseni ya jimbo kwa kazi hii. Ukifika huko, anza kuulizia kwenye mji wenyewe.

Na wewe mteja, tazama ubavu wa gari la fundi: namba ya leseni ya mkandarasi ianze na TACLA (daraja A) au TACLB (daraja B). Iingize kwenye tovuti ya TDLR kabla hujamfungulia mlango.