Moyo wa mwanamke na mazoezi: tunayoambiana na yaliyo kweli

"Ugonjwa wa moyo ni wa wanaume wenye vitambi."
Dhana hii ndiyo inayotuponza zaidi. Duniani, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yanaua wanawake wengi kuliko maradhi mengine yoyote, karibu kifo kimoja katika kila vitatu. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua na lehemu mbaya (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) hupanda. Aliyewahi kupata presha ya ujauzito naye hubaki na hatari kubwa zaidi kwa miaka mingi, hata kama ilishuka alipojifungua.

"Kazi za nyumbani zinanitosha."
Kazi ipi? Kulima, kutwanga, kupanda kilima na ndoo kichwani, hizo zinahesabika. Kushinda jikoni au kwenye cherehani kunachosha mgongo na miguu, lakini moyo haujaenda mbio. Kipimo ni rahisi: uweze kuzungumza, ila kuimba kukushinde.

"Bila gym ni kazi bure."
Utafiti uliofuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 72,000 wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba waliotembea kwa mwendo wa haraka walau saa tatu kwa wiki walipungukiwa na hatari ya maradhi ya moyo kwa takriban theluthi moja. Kutembea tu! Mwaka 2024, utafiti mwingine wa huko huko, wa watu zaidi ya 400,000, ulikuta faida ambayo wanaume waliipata kwa dakika 300 za mazoezi kwa wiki, wanawake waliifikia kwa dakika 140 hivi. Natamani kila mama anayesema hana muda aisikie habari hii. Ni dakika 20 kwa siku, sawa na kushuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwako.

"Mwembamba hahitaji."
Anahitaji. Wembamba hauzuii presha wala lehemu.

"Mwenye presha asijichoshe."
Presha hupanda wakati wa zoezi, kisha hushuka, na ukizoea, hata ya kawaida hupungua. Muone daktari kwanza, anza taratibu, na dawa usiziache. Ukibanwa kifua, ukiishiwa pumzi kuliko kawaida, au ukipata maumivu ya taya au mgongo pamoja na kichefuchefu, simama na uwahi hospitali. Kwa wanawake dalili hizi mara nyingi hudhaniwa ni vidonda vya tumbo.